Aliyeniuliza Njia ya Mwanza

Hiki ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, siyo cha kusimuliwa. Sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa kitu. Penye shaka nitasema.

Mimi ni mwanamke wa Mwanza, nauza mitumba Nachingwea. Watu wa huku ni wema, sitawasingizia. Ila mwaka unaweza kuisha usipate hata mmoja wa kukuuliza kwenu kukoje. Unalijua hilo linavyouma?

Jioni moja nilikuwa Ruponda baada ya gulio, nasubiri usafiri peke yangu. Akatokea mwanamume, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Mwadila, mayu," yaani habari za jioni, mama.

Salamu ya Kisukuma! Moyo uliruka. Nikamdhania mmoja wa hawa wafugaji waliohamia juzijuzi.

"Mwadila, baba. Ng'ombe umewaacha wapi, kwenye mihogo ya watu?"

Hakucheka. "Nilikuja kuchimba dhahabu Namungo. Nataka kwenda nyumbani, njia imenipotea. Nikishuka stendi ya Nyegezi, kule Mwanza, halafu?"

Hapo ningepaswa kushtuka, maana sikuwa nimemwambia kwetu ni Mwanza. Lakini nilikuwa na hamu ya kusema. Nikamwambia Butimba, halafu Mkuyuni, ziwa likiwa kushoto.

"Halafu?"

Niamini, kila nikitaja mahali alikuwa analowa. Miguu kwanza. Igogo, kwenye nyumba za juu ya mawe, maji yakafika magotini. Kivuko cha Kamanga, kiunoni. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, kifuani. Na kilikuwa kiangazi, vumbi tupu! Ikaja harufu ya ziwa, dagaa na magugumaji. Kwa nini sikunyamaza? Nilikuwa nalia kwa raha.

"Ukipita Kirumba ni Kitangiri," nikasema. "Geti letu ni la bluu, penye mpera. Mama yuko mlangoni."

"Asante, mayu. Nimefika."

Pakabaki udongo uliolowa, basi.

Tangu siku ile kwetu sikuoni. Majina ninayo, nimeyaandika hapa, lakini nikifumba macho hakuna kitu. Mdogo wangu alinitumia picha za ghuba nzima kwa simu. Nazitazama kama kalenda ya dukani. "Dada, si huyu mama hapa!" ananiambia. Naona bibi wa watu, kavaa kanga.

Labda ni umri. Labda nimekaa mbali mno, sikatai. Wala yule mtu simlaumu, naye alitaka kwao.

Ila wewe uliye ugenini, asiyejulikana akikuuliza njia, mwelekeze mpaka stendi tu. Mlango wa mama yako baki nao.