Kipupwe Juu ya Gari la Mwanawe

Mtu yeyote pale kwenye yadi ya magari angekwambia: kiyoyozi kikianza kukoroma, usihangaike, muite Kipupwe. Mjane wa miaka hamsini na nne, ulimi mkali, anapanda ngazi na ndoo yake haraka kuliko vijana. Magari yenyewe ni yale ya kukodisha wasafiri, nyumba kabisa juu ya magurudumu: kitanda, sinki, jiko dogo, na juu ya paa kiyoyozi kimekalia tundu la mraba. Alikuwa na amri zake. Fyuzi ing'olewe kwanza, iingie mfukoni. Chujio lioshwe kwa sabuni, likauke kivulini nusu saa kamili. "Ukirudisha chujio bichi unafuga ukungu," alikuwa akifoka, "halafu kifua kikikubana uje kunililia mimi!"

Kwa mwanawe wa pekee, ulimi huohuo ulikuwa asali. Kijana huyo alikuwa dereva wa yadi, akiishi na mkewe ndani ya gari moja kuukuu nyuma ya karakana. Mkamwana alipotokea jicho limevimba, Kipupwe alisema kajigonga kabatini. Alipotokea kidole kimefungwa, akasema wanawake wa siku hizi hata kisu hawajui kushika. Alijua, bwana! Alijua vizuri sana, akafumba macho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na nani anataka kuulizwa alimleaje?

Jumamosi moja mchana alikwenda kusafisha kiyoyozi chao. Mpira unaozuia mvua ulikuwa umeoza, basi akafungua bolti, akakisukuma kiyoyozi kando, tundu likabaki wazi. Akaacha ndoo ya maji machafu pale juu, akashuka na chujio hadi bombani. Kijana akafunga madirisha, akatia komeo mlangoni. Amri za mama yake alizijua: chujio likianikwa, nusu saa nzima hakuna mtu juu. Kumbe ule mpira wa zamani ulikuwa bado haujakwanguliwa. Kipupwe alianika chujio, akapanda tena kwa ngazi ya nyuma kuukwangua.

Akasikia kofi. Akasikia, "Nisamehe, nisamehe." Akachungulia. Mwanawe amemshika mkewe nywele, anampigiza uso kwenye ukingo wa sinki, mara moja, mara mbili, bila haraka, kama anayekung'uta zulia. Mara ya tatu jino likaangukia ndani ya sinki. Kisha akamtupa sakafuni, akamkandamiza kifua kwa goti, akamkaba koo kwa mikono miwili.

"We mtoto we! Muachie!"

Kijana akainua uso, akamwona mama yake. Hakuachia.

"Mama, haya hayakuhusu. Kaoshe chujio lako."

Miguu ya mkamwana ilikuwa ikipigapiga sakafu, na sasa ilikuwa inalegea. Kipupwe akamwaga ndoo nzima ya maji machafu kupitia tundu. Kijana akatikisa kichwa tu. Tundu lile lisingepitisha mabega ya Kipupwe, basi akateremka ngazi nusu kwa kuanguka, akatwanga dirisha kwa spana kubwa, akajiburuza ndani kwa tumbo juu ya vioo. Akampiga mwanawe mkononi. Hakuachia. Akampiga kiwikoni, kwa nguvu zote za mtu aliyefungua bolti zenye kutu miaka ishirini, na mfupa ukavunjika.

"Mama! Unaniua mimi, mwanao?"

Akampiga tena. Pigo hilo la mwisho halikuhitajika, na Kipupwe hakulikana hata siku moja.

Mkamwana akavuta pumzi, pumzi mbaya ya kukwaruza. Kipupwe akapiga magoti kwenye damu, akalia kwa sauti.

Hospitalini askari akauliza nani kamvunja huyu mkono.

"Mimi."

"Na huyu mwanamke?"

Kipupwe akamtaja mwanawe kwa jina lake kamili, akaeleza pigo kwa pigo, huku kijana akimtupia kutoka kitandani matusi ambayo mama haambiwi. Akatia sahihi. Halafu akaenda kwa mkamwana, akataka kumshika mkono. Mkono ukavutwa.

"Miaka mitatu, mama," mkamwana alinong'ona, sauti imekatika. "Kila asubuhi nilikuja kukuamkia na uso huu."

Kipupwe alikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Akayaacha yote.

"Nilikuwa nauona, mwanangu."

Mkamwana akageukia ukutani, akamwomba muuguzi amtoe Kipupwe nje.