Mtoto Aliyenunuliwa Dirishani

Kalipa alizaa watoto saba, wote wakakua, wote wakawa wakorofi, na kwa hilo kijiji kizima kilimheshimu. Sababu nyingine ya kumheshimu ilikuwa ngumu kuipata. Alikamua ng'ombe kama wenzake, maandazi yake yalikuwa magumu, na ulimi wake ulikuwa mkali. Lakini watoto saba bila kaburi hata moja, katika bonde lile la Narin, kwenye milima ya theluji, walitosha kumkalisha mwanamke mahali pa juu kwenye kila karamu.

Ndiyo maana Batma alimwendea mwaka wa themanini na nane, wakati huo Kalipa ana watano. Batma alikuwa jirani yake, na alikuwa ameshazika wanne. Wa tano alipozaliwa mzima, mwishoni mwa Septemba, walifanya kama wanavyofanya watu waliofika hapo. Mtoto alipitishwa dirishani akakabidhiwa Kalipa aliyesimama nje. Kalipa akazunguka naye hadi mlangoni, akagonga, akasema ana mtoto wa kuuza. Wazazi wakamnunua kwa kitambaa cha kichwa na pakiti ya chai. Kifo kikirudi kumtafuta mtoto wa Batma kitaambiwa hayupo, huyu ni wa Kalipa, ametoka nyumba ambayo kifo hakijui hata mlango wake uko wapi. Wakamwita Satibaldi, yaani aliyenunuliwa. Siku ya tatu Batma alikauka maziwa, na Kalipa ndiye aliyemnyonyesha mtoto.

Sasa tuseme ukweli, maana Kalipa mwenyewe alikaa miaka thelathini na minne bila kuusema. Agosti ya mwaka uleule, huko juu kwenye malisho ya kiangazi, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Mtoto aliishi siku sita. Baba yake alimwadhinia, akamwita jina lake mara tatu sikioni, na siku ya saba akamchimbia kaburi dogo nyuma ya hema.

"Tukishuka tutasema mimba iliharibika," mama mkwe alisema. "Ilikuwa damu tu. Wewe bado kijana, usijitangazie mkosi."

Wakashuka na ng'ombe wao, wakasema ilikuwa damu tu.

Kwa hiyo Batma alipomwendea kwa machozi, Kalipa angeweza kukataa. Lakini kukataa kulitaka sababu, na sababu ilikuwa imezikwa mlimani. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ilikuwepo nyingine aliyoijua vizuri zaidi: kifua chake kilikuwa kimejaa na kinauma, na alitamani kubeba mtoto wa kiume, hata kama ni kwa hatua arobaini tu, kutoka dirishani hadi mlangoni.

Tangu hapo hakupata raha. Satibaldi akikohoa, Kalipa yuko pale na mafuta ya kondoo. Satibaldi akianguka kutoka kwenye farasi, Kalipa analala hospitali wiki nzima kwenye benchi, mama mzazi anarudishwa nyumbani akapumzike. Watu walisema, tazama upendo. Ulikuwa upendo kweli, lakini nusu yake ilikuwa woga wa mtu aliyeuza kitu kibovu na anangoja mnunuzi arudi. Batma alimwombea Kalipa dua kila Ijumaa hadi alipofariki, na Kalipa akiwa kando yake aliinua mikono akaitikia amina. Kati ya yote aliyoyafanya, hizo amina ndizo zilizomchoma zaidi.

Satibaldi alikua, akawa fundi wa kupiga farasi viatu, tena fundi hasa. Siku hizi kazi bila simu haionekani, basi akaanza kujirekodi akichonga kwato, na watu, sijui kwa nini, wakapenda kutazama kwato. Wakafika laki moja. Jina alilojipa huko mtandaoni halikuwa lake wala la baba yake. Alijiita Mtoto wa Kalipa.

Mjukuu wa Kalipa ndiye aliyemletea simu. "Bibi, njoo ujisikilize unavyosifiwa."

Kwenye simu Satibaldi alikuwa ameshika mguu wa farasi mwekundu, anaongea huku anapiga msumari. "Mnaniuliza kila siku Kalipa ni nani. Ni mama aliyeniuza. Mama yangu mzazi alizika wanne, huyu hajazika hata mmoja. Nimetoka kwenye mikono iliyobarikiwa, ndiyo maana nipo."

Chini yake watu wasiojulikana walikuwa wameandika mamia ya maneno. Mwanamke mmoja wa mji wa mbali wa Oshi aliuliza kama mama huyo bado anauza, kwa sababu yeye ameshapoteza watatu.

"Bibi, umekuwa maarufu. Mbona unalia?"

"Zima kitu hicho. Mwanga wake unaumiza macho."

Hakulala vizuri tena. Uongo wa mtaa mmoja alikuwa amejifunza kuubeba, lakini huu sasa ulikuwa umefika Oshi, kwa mwanamke mwenye makaburi matatu.

Mwezi wa tatu Satibaldi alikuja mwenyewe, hajanyoa, macho mekundu kwa furaha. Mkewe Gulzina alikuwa ameshapoteza wawili, na sasa alikuwa ametoka hospitali na msichana wa siku tano.

"Apa," alimwambia, maana alimwita mama kama alivyomwita Batma, "kesho asubuhi tunakuhitaji dirishani. Ulinitoa mimi, mtoe na huyu."

"Mimi ni mzee, mwanangu. Muiteni jirani yetu Saira, ana watoto sita wazima na kiuno bado kigumu."

"Saira atamwangusha akiwa anasengenya. Gulzina hataki mwingine. Anasema asipokuwa wewe hatalala."

Kalipa akasema atakuja. Usiku kucha alijitetea. Kwani Satibaldi hakuishi? Basi dawa ilifanya kazi na uongo ndani yake. Kisha alifikiri: na huyu wa siku tano akifa? Nitamtazama vipi Gulzina, nikiwa ndiye niliyenyamaza?

Asubuhi theluji ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka paani. Kalipa alisimama chini ya dirisha, mikono mbele. Dirisha likafunguliwa, na Gulzina akamtoa mtoto aliyefungwa vizuri, uso tu ndio unaonekana.

"Mpokee, apa."

"Usinipe," Kalipa alisema.

Gulzina akacheka kidogo, akidhani ni sehemu ya mambo.

"Usinipe, binti yangu. Mimi nimezika. Nilimzika wa kwangu mwezi mmoja kabla sijampokea mume wako. Nilimdanganya Batma, na nimewadanganya nyinyi."

Gulzina alimrudisha mtoto kifuani, akafunga dirisha, na Kalipa akasikia komeo. Alikuwa amejua kwamba itakuwa hivyo, lakini sauti ya lile komeo ilimuuma kuliko alivyokuwa amejiandaa. Baada ya muda Saira aliitwa, akaja mbio, akamtazama Kalipa kwa macho yanayotaka kujua yote, na mtoto akapita dirishani kwa mikono mingine. Kalipa alisogea hadi kwenye nguzo ambapo farasi hufungwa wakipigwa viatu. Aliona aibu kuondoka, na kubaki kulikuwa aibu vilevile.

Satibaldi alitoka mtoto alipokwisha kununuliwa. Alisimama mbali naye.

"Mama yangu amekufa anakuombea dua."

"Najua. Nilikuwa naitikia."

"Laki moja ya watu nimewaambia mikono yako ina baraka. Ungeniambia mimi tu, apa. Hata mara moja."

"Niliogopa utaniacha. Nikaogopa pia kwamba nikisema, utakufa. Nilikuwa mjinga na nilikuwa mwoga, sina la kujitetea."

Alitegemea ataambiwa aende nyumbani. Lakini Satibaldi alikuwa anahesabu kitu kichwani, na uso wake ulibadilika taratibu.

"Yale maziwa niliyonyonya," alisema. "Yalikuwa ya nani?"

"Yake."

Satibaldi akaikaribia ile nguzo, akaushika upande wa pili. Kwa watu wa kule, walionyonya titi moja ni ndugu, na hakuna anayehitaji kuelezwa hilo.

"Basi nilikuwa na kaka," alisema. "Aliitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Kalipa hivyo. Jina lile lilitajwa mara tatu tu duniani, kwa sauti ya chini, ndani ya hema, na aliyelitaja alikuwa ameshakufa. Alifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa.

"Taalai," alisema. "Aliitwa Taalai."