Aliniuliza Kuhusu Gari Lile, Nikamficha

Nimekosa, ndugu zangu. Sianzi kwa kujitetea, maana sina la kujitetea nalo. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto, watu wa hapa Malindi wananiamkia njiani kwa heshima, lakini nilichomfanyia mtoto wa mama yangu mdogo hakina heshima yoyote.

Huyo ndugu yangu nitamwita Zuhura. Nimemzidi umri kidogo, tumelelewa nyumba moja, na tangu utotoni nilikuwa nikimwonea wivu. Semeni mtakavyo! Zuhura alikuwa mzuri, ulimi wake mtamu, na mkono wake kwa hina hauna mfano. Maharusi walikuwa wakitoka Lamu kuja kupakwa na yeye. Hata siku ya harusi yangu mimi, wanawake waliisifu hina kabla hawajamsifu bibi harusi. Nilicheka nao, lakini nilikuwa naungua.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho: gari la nyumba.

Ni yale magari makubwa ya kusafiria, ndani mna vitanda, jiko, friji na choo. Mume wangu, Athmani, alilinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tulikuwa tukilikodisha kwa wageni wanaotaka kulala Marafa, au kupita Jilore kwenda mbugani. Aina ile kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuitengeneza. Lilikuwa gari la zamani, lakini Malindi nzima lilikuwa letu peke yetu, na mimi nikajiona malkia!

Basi alasiri moja Zuhura akaja na mumewe, Salim. Nikawawekea kahawa na kaimati. Salim ni mtu mpole, humwangalia mkewe akizungumza kama ndiyo kwanza amemuoa. Hilo nalo lilinichoma.

"Dada," Zuhura akasema, "kuna mzee wa Kizungu kule Watamu anauza gari la nyumba. Ni aina ile ile kama lenu. Tumelipenda, lakini watu wanatutia hofu, wanasema halitengenezwi tena. Tukaona tuje kwako kabla hatujatoa neno."

Hata hili? Hata hili nalo alitake?

"Msijaribu!" nikamwambia. "Spea hamna. Kioo cha mbele kikivunjika mtakitoa wapi? Sisi kitasa cha mlango tu tulikitafuta mpaka tukakata tamaa, tukafunga kwa kamba."

Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini sikuyasema kwa kuwapenda.

"Hilo tumelipima, shemeji," Salim akajibu kwa upole wake. "Nimempata jamaa Mombasa, ana bovu la aina hiyo limelala uani kwake. Atatutolea vipande. Injini nayo fundi ameitazama, ameipenda. Na bodi yake ni nzima kuliko..."

"Kuliko letu?"

"Sikusema hivyo, shemeji."

Hakusema, lakini nilisikia. Kumbe lao litakuwa zuri kuliko letu! Watu watapita wakilitazama lao, letu litaonekana mkweche.

Zuhura akanishika mkono. "Dada, wewe umelala ndani yake, umepika ndani yake. Kuna jambo jingine lolote la kuangalia?"

Na lilikuwapo! Nyuma ya jiko kuna bomba la gesi. Barabara mbovu hulitikisa mpaka kiungo chake kinaingia ufa, gesi inavuja kidogo kidogo bila mtu kujua. Letu lilianza kuvuja tukitoka Gongoni, nikasikia harufu, tukasimama, tukafungua milango yote. Fundi wa gesi, Kahindi, aliling'oa akaweka jipya, kisha akaniambia kwa kinywa chake: "Mama, magari ya aina hii yote yana ugonjwa huu. Ukimjua mwenye nalo, mwambie."

Nikamtazama Zuhura. Ile hina ya vidoleni mwake, yale macho yanayoniamini.

"Hakuna," nikasema. "Mengine yote sawa."

Jamani! Neno jepesi namna ile!

Sikutaka aungue, wallahi. Nilitaka gari limsumbue tu. Linuke, wageni walalamike, aone na yeye kwamba si kila kitu kinamnyookea. Ndivyo nilivyojidanganya.

Wakalinunua. Wakalipaka rangi ya samawati na nyeupe, wakaweka mapazia aliyoyashona Zuhura mwenyewe. Mtaa mzima ukaenda kuliona. Mama yangu, mama yangu mimi niliyemzaa, sijui naandika nini, mama yangu aliyenizaa akapelekwa Jilore ndani yake, akarudi anasifu: "Mwanangu, la Zuhura linateleza! Lenu lilinivunja kiuno." Nikaenda jikoni nikalia kwa hasira.

Kisha wageni wetu wakaanza kuulizia lile la samawati.

Nilishika simu nimwambie. Si mara moja. Nilikuwa nikipanga maneno: Zuhura, lile bomba, mwite Kahindi alitazame. Lakini kabla ya kupiga naona picha aliyoweka, amesimama mlangoni mwa gari lake anacheka, chini watu wamejaza sifa. Nairudisha simu mezani. Kesho, nasema. Kesho nitamwambia.

Kesho yangu haikuja.

Walikuwa Kilifi, wamelaza gari karibu na hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, wakitoka Marereni kwa njia mbovu. Ilikuwa asubuhi. Wageni wako nje na watoto wao, Salim anawapangia viti. Zuhura yuko ndani anataka kuwapikia chapati. Gesi ilikuwa imejikusanya chini ya jiko. Akawasha kiberiti.

Salim alimtoa kwa mikono yake. Wageni walisalimika. Gari liliteketea, likabaki mifupa.

Nilikimbia hospitali nikipiga mayowe. Nililia kuliko mama yake mzazi, mpaka wauguzi wakanitoa nje wakanipa maji ya kunywa. Watu wakasema, tazameni anavyompenda ndugu yake!

Siku zilipopita na Zuhura akaweza kuzungumza, Salim alimwita Kahindi wajue moto ulitokana na nini. Tulikuwa tumezunguka kitanda, mimi, Athmani, mama yake Zuhura na Salim. Zuhura amefungwa bandeji mikono yote, shavu moja limeiva.

Kahindi akawapa pole, akasikiliza, kisha akageuka kwangu. Wala hakuwa na nia mbaya, maskini.

"Mama, si ni lile bomba? Kama lile lenu nililolibadilisha? Hukumwambia?"

Nikainamisha macho.

"Nilikuuliza, dada," Zuhura akasema taratibu. "Nilikushika mkono nikakuuliza."

Mama yake akavuta mtandio akafunika uso. Salim, yule mpole, akanionyesha mlango.

Athmani aliniendesha hadi nyumbani. Alipozima gari tu ndipo aliposema: "Ulijua." Akashuka.

Siku chache baadaye alimpa Salim gari letu, bila kuniuliza. Ningemuuliza nini? Lakini nimeahidi kusema kweli, basi niseme na hili: Salim alipokuwa akilitoa uani, moyo wangu bado ulichomwa na wivu! Mtu amelazwa kwa sababu yangu, na mimi naliangalia gari linaloondoka! Hapo ndipo nilipojiogopa.

Zuhura alipona, alhamdulillahi. Ila vidole vya mkono wa kulia vimejikunja, havishiki tena hina. Maharusi sasa wanakwenda kwa wengine. Huwa anaitwa akae tu, awaelekeze wasichana kwa maneno.

Niliwahi kwenda kumwomba radhi. Nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula anachokipenda, nikabeba mwenyewe. Alinipokea, akanikalisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Nimekusamehe, Mungu ni shahidi. Lakini hicho chakula rudi nacho. Sitaweza kukila."

Nilirudi nacho nimekipakata, kingali moto.

Nanyi mnaosoma, najua wako kati yenu wanaomwonea mtu wivu sasa hivi. Dada, jirani, mke mwenza, rafiki. Wivu hauombi ruhusa kuingia, nami siwezi kuwaambia msiusikie. Lakini mtu huyo akija kukuuliza jambo linalogusa roho yake, usitafute kesho. Mkunjie uso ukitaka. Mwambie kwa hasira ukitaka. Lakini mwambie!