Asubuhi Niliyompeleka Martina Chemchemini

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Qurus, ukungu ulishuka alfajiri kutoka msitu wa Ngorongoro ukalala mashambani mpaka saa nne, hata mbaazi za jirani usizione. Bibi alituambia kuwa wenyeji wa chemchemi, viumbe wasioonekana, hutembea ndani ya ukungu huo. Mtoto aliyezaliwa na miguu isiyosimama ni wa kwao, wamemwazimisha tu kwa binadamu. Asiporudishwa, maji hukauka.

Nilikuwa na miaka minane Mama alipomleta Martina. Wazazi wake walikuwa wamefariki na ndugu wote wamemkataa. Alikuwa na miaka minne, hatembei, hasemi. Mama alimlaza kitandani kwangu.

"Huyu ni mdogo wako," alisema. "Hapa ndipo kwao."

Mwaka ule mvua zilichelewa. Chemchemi ikawa inatiririka kama uzi, na wanawake wenye ndoo wakawa wananyamaza Mama akifika. Bibi alimtazama Martina, akaguna: "Wanamtaka mtu wao."

Siku moja asubuhi Mama alipokwenda mnadani, nilimfunga Martina mgongoni kwa kitenge nikateremka naye chemchemini. Nilimwegemeza kwenye jiwe, miguu yake majini.

"Nimemleta," niliuambia ukungu, nikageuka kuondoka.

Sikufika mbali. Nyuma yangu Martina alicheka. Kwetu hakuwahi kucheka hata siku moja. Nilirudi nikamkuta anapigapiga maji kwa kiganja, macho yameelekea kwenye weupe ule kana kwamba kuna mtu anayemchezesha. Nikaona wivu.

"Ni wetu!" nilipiga kelele. "Mama amesema ni wetu!"

Nikambeba, nikapanda mbio huku nikilia. Njiani Bibi alitokea ukunguni, anahema. Alikuwa ananitafuta. Aliishika miguu ya Martina, akaiona imelowa.

"Wamemkataa?"

"Hapana, Bibi. Mimi nimekataa."

Akavua shuka lake, akamfunika Martina. "Haya, twende jikoni apate moto."

Chemchemi ilikauka kweli, wiki mbili baadaye. Tukawa tunachota maji mbali. Wanawake walipoanza kumsema Martina, Bibi alitua ndoo yake katikati yao.

"Huyo ni mjukuu wangu. Mwenye neno aniambie mimi."

Wakajitwika ndoo zao. Mvua zilipokuja, maji yalirudi, na Mama akapokea watoto wengine wawili.

Sasa Mama amezeeka, na nyumba ile naiendesha mimi. Watoto ni tisa. Martina ni mtu mzima, hatembei bado, lakini jina langu analiita vizuri. Wageni huniuliza nilipata wapi moyo wa kazi hii. Huwajibu kwamba ni kwa Mama, lakini hilo si lote. Mimi nilishawahi kumpeleka mtoto ili nimwache. Kwa hiyo anapokuja mtu mlangoni na mtoto mgongoni, akishindwa kuniangalia usoni, mimi humkaribisha ndani, nikammiminia chai, kabla sijamuuliza lolote.