Raketi Iliyoshiba

Ting. Mlio huo wa ukucha kwenye nyuzi za raketi, Dinah hausahau. Muuzaji wa vifaa vya michezo pale Kitengela hugonga, husikiliza, kisha huipima raketi kwa mkono wa kushoto kama anayechagua beberu sokoni Kisaju. Kila anayeingia huuziwa nzito. "Hii imeshiba, madam." Ndiyo iliyomuumiza Dinah bega, na mchujo wa timu ya badminton ya kanisa ulikuwa Jumamosi. Akarudi kuomba nyepesi ya bei ya chini.

"Nyepesi ni ya watoto," mzee muuzaji akacheka, akainua mkono wa kulia kumwonyesha pigo la bingwa. Mkono ukakwama kifuani, hauendi juu. Akatazama mlangoni, akamtolea nyepesi kwa kushoto.

"Mimi nilichezea iliyoshiba," akanong'ona.