Miguu Karaini

Ukutani kwa madam, hapa Dubai, pana picha ya zamani sana ya mji wa wachimba dhahabu, sijui wa nchi gani. Watu wanavuka mto, na mwanamume mmoja amembeba msichana mgongoni. Kazi yangu ni kuifuta vumbi kila asubuhi, na kila asubuhi msichana yule ananiudhi.

Kwetu pia palichimbwa dhahabu. Kabla ya kuvuka mto kurudi nyumbani, kila aliyetoka machimboni alioshea miguu ndani ya karai, maana hata matope ya miguuni yalichujwa kutafutwa chembe za dhahabu. Siku moja nilijipaka matope hadi magotini, nikidhani nitampatia baba dhahabu nyingi. Yalinuka kama chuma kilicholowa. Mdogo wangu alishinda amekaa mkekani, miguu safi.

"Wewe osha kwanza," baba akaniambia. "Huyu nitambeba."

Akambeba mgongoni, wakaondoka. Katikati ya mto mdogo wangu aligeuka akanipungia mkono. Nilisugua miguu mpaka ikawaka. Mama mmoja aliyesimamia karai akayatikisa matope yangu, akayachungulia.

"Hamna kitu humu, mwanangu."

Nikavuka peke yangu, maji kiunoni.

"Yalla, bado uko kwenye hiyo picha?" madam ananiita kutoka jikoni.

"Namaliza, madam."

Nafuta kioo chote cha picha, kona hadi kona, isipokuwa pale alipo yule msichana. Yeye namwachia vumbi lake.