Huko Chini Bado Kuko Wazi

Machuki alikuwa mtu wa maneno, hilo hakuna aliyembishia. Aliuza mafuta ya taa sokoni kwa Kikuria, akabembeleza wateja kwa Kijaluo, akabishana na askari kwa Kiswahili. Basi mwaka wa tisini na sita, kampuni ya dhahabu ilipoleta mashine ya kutoboa ardhi karibu na mashimo ya wachimbaji wetu huku Migori, nani mwingine angekuwa mkalimani?

Majibu ya shimo la kwanza yalipofika, chifu aliita baraza. Mzungu wa mawe akainua vipande virefu vya mwamba vilivyotolewa chini, akaongea Kiingereza chake. Mwishoni akatamka neno fulani la kazi yao. Machuki hakulielewa vizuri, lakini mkalimani aulize maana mbele ya watu? Aibu gani hiyo! Akatunisha kifua, akalitafsiri vilevile lilivyo: "Dhahabu ipo kidogo, na huko chini bado kuko wazi."

Watu wakapiga makofi. Mniko, kaka ya mke wake, hakupiga, alikuwa anawaza. Kwa mchimbaji, chini kukiwa wazi maana yake kuna pango. Ukilifikia, kazi yako ni kuokota tu. Kesho yake akaanza kuchimba kando ya shimo la kampuni, na hakuweka hata gogo moja la kuzuia kuta. Ya nini, na pango liko karibu?

Machuki akapata habari hizo. Akamwendea mzungu, na safari hii akauliza. Kumbe kwa watu wa mawe, "wazi" maana yake mashine haikufika mwisho wa dhahabu, basi. Pango halikuwepo.

Alikimbia mpaka kwenye shimo la Mniko, akainama, akamsihi atoke, akamwambia chini ni mwamba mtupu. Mniko alicheka huko huko gizani.

"Shemeji, leo kampuni imekutuma unigeuzie maneno?"

Akaendelea kuchimba. Jua halijatua, kuta zikamwangukia.

Baada ya mazishi, Phelesia, dada yake Mniko, alimuuliza mumewe yule mzungu alisema nini hasa siku ile. Machuki, huku amejaa uchungu na aibu, akajibu kwamba alisema tu hawajafika mwisho, bado hawajui kilichoko chini.

Phelesia alijifuta macho kwa leso, akamtazama.

"Si ungesema hivyo."